Mukutano ya wenye kusaidia wamama wenye wanapigwa nyumbani: tuulize wenzetu nini mbele ya kuandika ajenda?

kordo_bkv (Bukavu)

Jambo wandugu, jambo wamama. Naomba mawazo yenu juu najua humu kuko watu wenye wako mu kazi hii tangu zamani. Shirika yetu inapokea pesa kwa mufadhili mumoja kisha inaigawa ku mashirika madogo: nyumba za kusikiliza za Kadutu na Bagira, asosiasio moja ya Idjwi, wengine Kalehe na Walungu, wengine Goma, na moja iko Lubumbashi. Wote wanafanya kazi ya jeuri ya ndani ya nyumba, bwana anapiga bibi, anamufukuza usiku na watoto, anakula makuta yake ya biashara, anamukataza kutoka hata kuenda ku misa. Sasa tutakuwa na mukutano ya siku mbili ya wote wenye wanapokea ile pesa. Mufadhili alishatuma ajenda: siku ya kwanza formasio ya kujaza ma formulere mapya, siku ya pili raporti ya makuta. Basi. Nikamwandikia atupe muda tuulize kwanza wenye kufanya kazi wenyewe wanataka tuzungumuze nini, akakubali, na kusema kweli alikubali vizuri, hakunikasirikia.

Shida ni vile ya kuuliza. Kila mara tunatumaka kestionere, majibu inarudia moja tu: kazi inaenda muzuri, tunaomba formasio na moto (pikipiki). Nawaelewa. Mwenye anauliza ni ule ule mwenye analipa, nani ataandika kama wamama wake wanarudia kwa bwana juu hakuna fasi ya kulala, ao kama polisi inaomba pesa ya mafuta mbele ya kutoka? Na tangu Marekani ikate misaada mwanzo wa 2025, wengi walibakia na proje moja tu, hakuna mutu anataka kuonekana kama anashindwa. Halafu kuko wenye hawana rezo ya sawasawa, Idjwi kule wanapanda juu ya kilima juu WhatsApp ipite. Na tena wamama wenyewe wenye walipitia hii mambo, nao nataka sauti yao ifike mu ajenda, lakini sitaki mutu apigwe mara ya pili juu ya kestionere yangu.

Nyinyi munafanyaka namna gani? Mutu asinitumie modele ya ku intaneti, nataka vile mulifanya kwenu.

aps_ndosho (Goma)

Dada kordo, asante juu ya kuuliza, juu siye wa chini tunaitwaka paka kwa kusikiliza PowerPoint.

Mimi niko APS, ajan saikososial, kazi yangu ni kusikiliza na kusindikiza wamama, nakaa ku nyumba ya kusikiliza, napokea wamama kuanzia asubui. Usiniulize "munahitaji nini". Ukiniuliza vile nitakujibu moto, ni kweli tunahitaji moto. Uniulize hivi: kesi gani ilikushinda mu hii miezi? Na ilikushinda fasi gani, ku polisi, ku afya, ku shefu wa avenyu, kwa familia ya bwana, ao kwetu wenyewe? Hapo nitakuambia mambo kutoka asubui mpaka jioni na hautaona uwongo ndani, juu kesi yenye ilikushinda inakulalisha macho wazi, haiombi formasio ya kuikumbuka.

Nikupe moja, nitabadilisha kidogo asijulikane. Mama anauzisha sambaza. Bwana alimupiga, ni kweli, uso ilivimba, lakini kile kilimuleta siyo ile. Alikuja juu bwana alikamata kapitali yote na karte yake ya kuchagua. Anafungua kitenge, anatosha beseni ndogo yenye bado inanuka samaki, anaiweka chini, anasema: hii njo imebakia. Bila karte ya kuchagua hawezi kufungua laini mupya ya simu, bila laini hawezi kupata M-Pesa, na tangu benki zifungwe hapa Goma mwanzo wa 2025 simu njo imekuwa benki yetu. Sasa angalia formulere. Mu GBVIMS, ile chombo ya kuandika na kuhesabu kesi za jeuri, kuko aina sita: ubakaji, shambulio ya ngono, shambulio ya mwili, ndoa ya lazima, kunyimwa mali na huduma, na mateso ya moyo na akili. Unazipita kwa mustari, ya kwanza yenye unajibu ndiyo unasimama pale. Huyu mama nilimwandika shambulio ya mwili, maana inakuya mbele. Kapitali yake ikapotea mu karatasi vile ilipotea mu nyumba. Mwisho wa mwezi wafadhili wanaona "shambulio ya mwili", wanatuma Paracetamol na bandeji.

Sisemi ile chombo ni mubaya, ilitengenezwa juu kila tukio ihesabiwe mara moja tu, naelewa. Lakini kama unataka kujua wamama wanahitaji nini usitegemee tarakimu za formulere, uulize mwenye alikaa mbele ya ule mama. Na mu mukutano mutupe nafasi ya kusema hii mbele ya mufadhili, juu siku yote ya kwanza munataka tu kutufundisha kujaza vizuri zaidi ile karatasi yenye haisemi.

Kitu ingine. Wamama wengi hawahesabii ya bwana kama ubakaji. Anakuya siku ya tano ao ya sita juu ya ngumi, unamusikiliza polepole, njo unasikia na ile ingine iko ndani, na dawa za kuzuia ukimwi zinapashwa kuanza ndani ya saa 72. Imeshapita. Namna gani tunaongea na wamama mu avenyu juu ya mabwana, bila makanisa kutufungia mulango? Hii njo ningependa siku nzima ya kuzungumuza, kila mutu aseme kwao wanafanyaka nini.

mutoto_wa_katuba (Lubumbashi)

Mama APS amesema sawa, naongeza ya kwetu juu siye wa Lubumbashi tuko peke yetu mu hiyo liste.

Kila mukutano ya namna hii inaandikwa paka na Kivu mu kichwa, vita, wakimbizi, watu wenye silaha. Naheshimu mateso ya wandugu wa kule, hakuna wa kulinganisha. Lakini huku kwetu hakuna mafronti na wamama wanapigwa mu komine za Katuba, Kenya na Ruashi, kila wiki. Ile ankete kubwa ya afya ya taifa, EDS ya 2013-2014, ilisema 52% ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 walishapigwa angalau mara moja tangu wafike miaka 15, na ilikuwa inchi nzima, siyo Kivu peke. Kwetu kuko ya mabwana wenye wanaenda ku ma carrière ya Kolwezi kuchimba madini, anakaa miezi, anaoa kule mwengine, anarudia siku moja kuuzisha nyumba yenye bibi na watoto wanalala ndani. Hii nayo ni jeuri. Kama kestionere yako inauliza tu juu ya "konflikti" miye nitaandika "hapana" fasi zote na utafikiri Lubumbashi wanalala muzuri.

Sasa namna ya kuuliza. Achana na karatasi, upige simu. Mutu mumoja mwenye anajua kusikiliza apigie kila shirika, dakika arobaini, kwa Swahili, na aongee na mwenye anapokea wamama, siyo paka kordinatere. Wenye rezo inasumbua watume vokali ku WhatsApp, wataituma siku watapanda ku kilima, hakuna haraka. Watu wetu wanajua kusema kuliko kuandika, ukiwapa kestionere ya Kifaransa ya kurasa nane inajazwa na kijana wa biro mwenye hajawahi kuingia mu chumba ya kusikiliza.

Niko na dada yangu mu Marekani anafanya kazi mu nyumba ya kukimbilia wamama. Kule wako na sheria ya 1984, wanaiitaka FVPSA, njo inalipia zile nyumba, na inalipia tena muungano mumoja kwa kila jimbo wenye unakusanya mashirika yote ya ile jimbo. Shirika ndogo haisimame peke mbele ya mwenye pesa, muungano unasema kwa niaba ya wote. Nafikiri mungeweza kuiga kidogo: mashirika ya Bukavu wakutane wao wenyewe mbele, bila nyinyi, nusu siku, wa Goma vilevile, wachague mutu wa kuleta maneno yao. Hapo jina ya aliyesema haionekani. Miye mwenye niko peke huku munishikize ku moja ya zile grupu kwa simu.

kaye_ya_hesabu (Goma)

Nafanyaka suivi-évaluation, ni kufuatilia na kupima kazi, kwa hiyo nitatetea kidogo kestionere, samahani papa wa Katuba. Simu ni muzuri lakini kuko maneno yenye mutu hatakuambia kwa sauti juu unamujua na unajua bosi yake. Fanya yote mbili. Kobo (kestionere ya kujaza ku simu) bila jina, bila namba ya simu, bila hata jina ya komine (mashirika ni kidogo, ukiandika Bagira tayari nimejua ni nani), maulizo tano tu, ya kufunguka. Na majibu ifike kwa mutu wa inje, tuseme mwalimu wa chuo ao dada wa shirika ingine, mwenye hana mukono mu ile pesa, yeye njo asome, achanganye, akupatie bila kujua nani alisema nini. Na muwaambie wote mbele kama ni vile itafanyika, jina ya huyo mutu iandikwe mu barua ya kwanza.

Mbele ya kuuliza, uandike wazi nini haiwezi kubadilika. Kama raporti ya makuta ni lazima, sema ni lazima, itachukua asubui moja, haiko ya kujadili. Zingine ziko mikononi mwao. Mutu akipoteza saa moja kukujibu juu ya kitu chenye kilishaamuliwa Kinshasa, mara ingine hatakujibu tena, na atakuwa na haki.

Kisha majibu ikifika usihesabu "watu kumi na mbili walisema hivi". Neno moja ya mama wa Idjwi inaweza kuwa nzito kuliko ya wote wa muji, juu yeye hana hata polisi karibu. Andika kila neno ku kipande cha karatasi, bandika ku ukuta, ita watu watatu wanne wa chini mupange pamoja. Na mbele ya mukutano urudishe kwa wote ukurasa mumoja: mulisema hivi, hivi tumeweka ku ajenda, hivi hatukuweka na sababu ni hii. Mashirika mengi wanaruka hii ya mwisho na njo maana hakuna tena mwenye anajibu ma ankete zao.

avoka_wa_mama (Bukavu)

Nakuya juu ya sauti ya wamama wenyewe, juu nimeona humu hakuna mwenye amejibu hiyo.

Tafazali, tafazali, musilete mama mu sale kusimulia mbele ya wafadhili. Nimeona inafanywa, mama anasimama na mikro, watu wanapiga picha, kisha anarudia mu kartie yake na transport ya franka elfu kidogo na kila mutu ameshamujua. Wengine wako na kesi ku parke bado (kwa mwendesha mashitaka), avoka wa bwana anachukua yale maneno na anayageuza. Na musitumie SMS wala simu kwa mama, ile simu jioni iko mu mukono ya bwana. Sauti yao ipitie kwa grupu zenye ziko tayari: grupu za likilimba, wamama wanakutana kila wiki juu ya pesa yao, APS wao wanamujua, anauliza katikati ya mazungumuzo ya kawaida, "kama wakubwa wanakutana juu ya mambo ya manyumba, tuwaambie nini?" Siyo "wewe ilikufikia nini". Hakuna jina, hakuna karatasi ya kusaini, hakuna picha. Neno inabebwa na APS.

Na miye kama avoka nitakuomba sehemu moja mu ajenda, ni kesi zenye zinaishia kwa shefu. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 ilibadilisha Kode ya familia, bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana juu ya kuenda tribinali ao kusaini mukataba. Muzuri. Lakini ile Kode bado inasema bwana njo kichwa ya nyumba, na ndoa nyingi za huku hazijaandikwa ku biro ya komine, iko tu mahari na ng'ombe. Kwa hiyo mama akipigwa, ya kwanza anaenda kwa wazazi, wazazi wanaogopa kurudisha ng'ombe zenye walishalipa nazo mahari ya bibi ya kaka yake, wanamurudisha kwa bwana. Ya pili anaenda kwa shefu, shefu anakata faini ya mbuzi na kasiksi (pombe ya ndizi), wanaume wanakunywa, "wamepatana". Mimi namuona wakati mukono umeshavunjika, na karatasi ya munganga hana juu hakuna aliyemuambia aiombe siku ile ile.

Nasema hii juu ma TDR (karatasi za kupanga) za mikutano yenu zinaandikaka "referensi kwa ajili ya haki" kama tribinali ni mulango ya kwanza. Haiko ya kwanza, ni ya mwisho, na kwa sasa fasi zingine haiko kabisa. Mulango ya kwanza ni wazazi na shefu. Ulizeni mashirika yenu: mu kesi zenu ngapi zilipita kwa shefu mbele ya kufika kwenu, na shefu gani mulishafanya naye kazi akabadilika? Najua kuko wenye wamefaulu, mumoja mu Walungu anakataa sasa kukata faini ya kasiksi, anaita APS kwanza. Mutu kama huyu njo ningemuweka mbele ya mikro, siyo mama.

mama_wa_kadutu (Bukavu)

Mimi nitasema kidogo tu. Muulize pia saa na fasi. Wengi wetu wenye tunalaza wamama usiku kwetu hatuwezi kulala hoteli siku mbili, nani atabakia na wale wenye wako mu nyumba? Wengine tuko na watoto wa kunyonya, mulete mutu wa kulinda watoto na muandike hiyo mu bidjeti kuanzia sasa, siyo siku ya mukutano munatuangalia vibaya juu mutoto analia. Na perdiemu iwe sawa kwa wote, dereva, APS, kordinatere. Wa Goma wanakuya na boti, boti ikichelewa musianze na raporti yenye wako nayo wao.

kordo_bkv (Bukavu)

Aksanti sana, wote. Nimesoma na wenzangu ku biro leo mangaribi, tumefunga na tumebakia kuzungumuza mpaka courant ikakatika.

Tumeamua hivi. Barua ya kwanza inatoka juma ine, kwa Swahili na Kifaransa, inasema wazi raporti ya makuta inabakia lakini asubui moja tu. Dada mumoja wa chuo, mwenye hana kitu na pesa yetu, atapokea Kobo na atapiga zile simu, siye hatutagusa. Ulizo ya kwanza ni ya aps_ndosho vile vile alivyoiandika, kesi gani ilikushinda na ilikushinda fasi gani. Ya pili ni ya shefu na wazazi, ya avoka. Ya tatu, kitu gani ilifaulu kwako chenye wengine hawajui. Ya ine, kitu gani mufadhili anakuomba chenye kinakuzuia kusaidia mama (hii nilibishana nayo na bosi lakini imebakia). Ya tano ni ya mama wa Kadutu, nini ingekuzuia kufika. Grupu za Bukavu na za Goma zitakutana bila sisi, tutalipa transport na chai, Lubumbashi atashikizwa ku Bukavu kwa simu. Wamama kupitia likilimba, bila jina.

Formasio ya formulere imeshuka mpaka masaa mawili, na ndani yake tunataka tuzungumuze ile kesi ya sambaza, tuombe mufadhili turuhusiwe kuongeza kolone moja mu kaye zetu, "mama mwenyewe alikuja kuomba nini", hata kama haiingie mu hesabu zao. Nimebakia na ulizo moja: mufadhili anataka kuwa mu sale siku zote mbili. Tumukubali?

aps_ndosho (Goma)

Kolone hiyo nimeshaanza kuichora ku kaye yangu, hata bila ruhusa.

Juu ya mufadhili: siku ya kwanza asubui asikuweko, muachie watu waseme kesi zao. Saa nane akuye, grupu zimusomee kile kilitoka, yeye asikilize mpaka mwisho mbele ya kujibu, na muandike hiyo mu TDR, "mufadhili anasikiliza", na masaa pembeni, juu isipoandikwa atakamata mikro. Siku ya pili akuwe ndani yote, njo siku ya kuamua, na kama hayuko tutaamua nini na pesa ya nani.

mutoto_wa_katuba (Lubumbashi)

Sawa kabisa. Na mama kordo, ukiwa na tarehe uitume hata kama haiko ya hakika, juu toka huku mpaka kule, tangu aeroporti za Goma na Kavumu zifungwe mwanzo wa 2025, miye napashwa kuzungukia inje ya inchi na viza inaomba muda. Kama bidjeti haitoshe niambie mapema, nitaingia kwa simu siku zote mbili, lakini munipe mutu mumoja mu sale mwenye kazi yake ni kunishikia mikro, asiwe na kazi ingine.